Suti ya kitani na bado naloa: tatizo liko wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ofisini kwetu suti ni lazima hata msimu wa joto. Nimenunua ya kitani, rangi ya mchanga, nikiambiwa ni nyepesi na haina joto. Ndani ya nusu saa mgongo umeloa na shati limeganda mwilini, hata kuvua koti mbele ya watu naona aibu. Ajabu ni kwamba suti yangu ya zamani ya sufu hainitesi hivi. Je, nimeuziwa kitani cha bandia? Na fulana ya ndani nivae au niache?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, ligeuze koti ndani nje. Nadhani utakuta mgongo wote, kuanzia kwenye kola hadi kwenye pindo, umefunikwa na bitana, yaani kitambaa cha ndani ya koti, inayong'aa na kuteleza. Kama ndivyo, basi kitani chako huenda ni cha kweli kabisa, ila hakijapata nafasi ya kufanya kazi yake. Kati yake na shati lako kuna ukuta.

Jasho halipozi mwili kwa kutoka tu, linapoza kwa kukauka. Kila gramu moja inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban kilojuli 2.4. Likibaki limeganda kwenye shati, umepoteza maji bure na joto umebaki nalo. Kwa hiyo nguo ya msimu wa joto ina kazi mbili: kupitisha hewa na kupokea unyevu. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, kitani 12 hivi, na sufu kati ya 14 na 18. Poliesta haifiki hata nusu asilimia, na bitana nyingi za makoti ya dukani ni poliesta. Jezi za michezo nazo ni za poliesta, lakini zile hufumwa kwa matundu. Bitana hufumwa kwa kubanwa ili mkono uteleze ndani ya koti, na hapo ndipo hewa inapofungiwa.

Sasa unaona kwa nini sufu yako inakustahi. Watu wengi wakisikia sufu wanawaza sweta, lakini sufu nyembamba ya suti, iliyofumwa wazi kwa uzi uliosokotwa sana, ni kitambaa kizuri mno cha msimu wa joto. Lifungue na hilo la zamani ulitazame. Sitashangaa ukikuta bitana yake inaishia katikati ya mgongo.

Koti kama lako likifika mezani kwangu, nafanya majaribio mawili kabla ya kushika mkasi. Kwanza naweka kitambaa cha nje mdomoni na kupuliza, kisha bitana peke yake. Kitani hupitisha pumzi, naisikia upande wa pili kwenye kiganja. Bitana iliyobanwa huirudisha pumzi usoni. Pili, nachomoa uzi mmoja wa bitana kwenye mshono wa ndani, naushika kwa kibano juu ya sahani na kuuwasha. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Viskosi, uzi unaotengenezwa kwa nyuzinyuzi za miti, huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Jaribu na uzi wa kitani pia. Ukiyeyuka, hapo una haki ya kurudi dukani.

Dawa ni kumpelekea fundi alifanye koti la bitana nusu, lakini usikubali mtu anayetaka kung'oa tu. Bitana huficha mengi: ncha za mishono zinazochanika nyuzi, mifuko, pedi za mabega. Ikiondolewa hovyo, kitani kitaanza kufumuka kwenye mishono ndani ya miezi michache. Mwambie abakize bitana ya mabegani na sehemu ya juu ya mgongo, aondoe yote iliyo chini ya hapo, na kila ncha ya mshono iliyobaki wazi aifunge kwa utepe mwembamba wa pamba. Mikononi bitana ibaki, maana bila hiyo koti litang'ang'ania shati kila unapolivaa, ila aibadilishe iwe ya viskosi. Pedi za mabega kama ni za sponji, naye aweke nyembamba za pamba au aziache kabisa. Ni kazi ya taratibu, na mara nyingine ufundi wake unazidi thamani ya koti lenyewe, kwa hiyo uliza kwanza.

Koti likiwa limekubana pia, hata bitana nusu haitakuokoa. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu kanzu nyeusi za Mabedui wa jangwani. Kanzu nyeusi ilinyonya joto zaidi kuliko nyeupe, lakini joto lililoufikia mwili lilikuwa sawasawa, kwa sababu vazi lile ni pana na hewa inapita kati yake na ngozi. Mimi huwa naukumbuka utafiti huu kila mteja anapoumiza kichwa kwa rangi huku akiniambia, "Fundi, punguza tena kiunoni." Acha nafasi. Nguo inayopepea unapotembea inavuta na kusukuma hewa kama mvukuto wa mhunzi.

Ukija kununua nyingine, usikimbilie kitani chepesi kuliko vyote. Kile cha gramu 150 kwa mita ya mraba ni cha shati, suti yake itakunjika kama karatasi. Cha gramu 250 na kuendelea kinakunja mikunjo mipana ambayo ina heshima yake. Au tafuta pamba ya siasaka (kwa Kiingereza seersucker), yenye mistari iliyojikunyata. Jina lake lina asili ya Kiajemi, maziwa na sukari, kwa kuwa mstari mmoja ni laini na wa pili una chembechembe. Mikunyato ile ndiyo inayokizuia kitambaa kisilale juu ya ngozi.

Fulana ya ndani: kama koti halitoki siku nzima, vaa, ya pamba nyembamba, isiyo na mikono mirefu, shingo ya V. Itapokea jasho kabla halijafika kwenye shati. Kama utavua koti na kukaa penye upepo, iache. Na usivae nyeupe chini ya shati jeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi, fulana nyeupe ndiyo inayoonekana hadi ukingo wake wa mkono, ila ya kahawia inayokaribia rangi ya mwili haionekani.

Siku ya kulichukua koti, livae hapo hapo kwa fundi, funga kifungo, kisha nyosha mikono mbele kama umeshika usukani. Likivuta mgongoni wakati kitani chenyewe kina nafasi, ujue bitana ya juu ameishona bila ule mkunjo wa katikati unaofunguka mkono ukienda mbele. Mrudishie auweke kabla hujaondoka.