Nidhamu wanayo, wafundishe kuhoji

Kaka, umeuliza utawaongozaje wanajeshi wa zamani wanaojifunza kuzima moto wa msituni, ilhali wewe jeshini hujapita. Habari ya nidhamu usihangaike nayo, wanayo. Shida ni utii uliopitiliza. Kwenye moto, anayeona njia ya kutorokea inazibwa lazima aseme, hata kama aliyetoa amri ni wewe. Mwaka 1994 kule South Canyon, Colorado, Marekani, wazimamoto 14 walikufa moto ulipowapandia mlimani.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla jembe halijagusa udongo kuchimba mkanda wa kuzuia moto, chagua mmoja akuonyeshe kwa kidole: mlinzi anayeuangalia moto kasimama wapi, tunakimbilia wapi, redio inashika? Akisita, msianze. Na msumeno ukinguruma ghafla mtu akashtuka, usimtanie mbele ya wenzake.