Barua kwa mwanangu kuhusu hela ya Tabora

Ngamiani, Tanga

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, ila goti ndilo linaloniudhi asubuhi. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nimevaa miwani. Umeuliza: "Mama, ile hela ya Tabora iliyo kwenye kopo la Kimbo ni halisi au ya bandia? Kuna mtu huku Dodoma anaitaka." Na picha umeshampelekea, ile uliyoipiga ulipokuja Idi, wala hukuniuliza. Sawa, baba.

Fundi Saa angekujibu kwa dakika moja. Lakini hata yeye kwanza angekurudishia swali lake: "Imefika kwako kupitia mfuko wa nani?" Mtu akimletea sarafu hakuuliza ni ya mwaka gani wala ni ya mfalme gani. Aliuliza mfuko. Habari za zile sarafu za Kilwa zilizookotwa na askari mmoja kwenye visiwa vya Wessel huko Australia mwaka 1944, ametusimulia mara mia, na kila mara anaishia palepale: zilidondoka mfukoni mwa nani? Wengine tulikuwa tunashangaa umbali, yeye anamhurumia yule aliyefika mwisho wa safari akajipapasa asizikute.

Kibanda chake cha barabara ya nane unakikumbuka. Lile sanduku la kioo, saa zinaning'inia kila moja na wakati wake, harufu ya mafuta ya taa. Wewe hukutoka pale mikono mitupu hata siku moja. Jumamosi baada ya alasiri tulikuwa tukikaa barazani kwake watu watano: yeye, Mwalimu, Sonara, Nahodha na mimi, mwanamke peke yangu, na sinia langu la kashata. Akiniita Bi Keshia. Na akipenda kututania kwamba kila mtu akisema "sina hela" anasema Kijerumani bila kujua, maana hela ni heller, sarafu ndogo ya Wajerumani, kama pesa ilivyotoka kwenye paisa ya Kihindi.

Kuna kijana wa majahazi alimletea pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile ya shaba yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria. Kijana wa watu kaisugua kwa ndimu na mchanga mpaka inang'aa kama kijiko cha harusi. Fundi akaitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, umemfuta Sultani jina lake." Kisha akamlipa bei ileile ambayo angemlipa kama asingeisugua, kwa sharti asisugue tena nyingine. Mwalimu akamnong'oneza kwamba amekula hasara. Akasema hapana, hiyo ni karo ya mtoto. (Na wewe ile Barghash nyingine uliyokwenda kununulia kashata kwa jirani, usidhani nimesahau. Alinirejeshea mwenye duka mwenyewe, anacheka mpaka machozi.)

Sasa Tabora. Hela yetu aliipata baba mzaa babu yako, kibarua wa reli, na mimi sikujua zaidi ya hapo mpaka Fundi aliponieleza. Vita vilipofunga bahari, Wajerumani hawakuweza tena kuletewa sarafu kutoka kwao, basi mwaka 1916 wakaanza kupiga wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora. Walipiga hela tano na hela ishirini, na sarafu za rupia kumi na tano, za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga. Hizo za dhahabu hazikuzidi sana elfu kumi na sita, na hakuna hata moja iliyopita mfukoni mwetu. Hela ishirini ndizo zilizoshikwa na watu. Mihuri yake haikufanana, kwa hiyo taji la hii si sawa na la ile: kuna taji kubwa, kuna taji dogo, na zile L mbili za neno HELLER, nyingine mkia umejipinda, nyingine umechongoka. Unene nao vivyo hivyo, kilichopatikana ndicho kilichogongwa. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Ilikuwa 1993, wewe darasa la tatu. Fundi aliniomba akae na hela yetu wiki moja ailinganishe na ya kwake. Nikampa. Jumamosi iliyofuata akanirudishia ndani ya kipakiti cha karatasi ya daftari, kama alivyozifunga zote, na juu ameandika kwa penseli: "Taji dogo. L ya pili, mkia umejipinda." Nikaifungua, nikaiweka kiganjani, na mkono ukaniambia: siyo.

Unanijua. Miaka 22 nimehesabu mishahara ya vibarua kwenye kiwanda cha kamba, na nimesema siku zote, sarafu hujulikana kwa mkono, macho ni ya kusadiki tu. Umeme ukikatika mimi nilikuwa naendelea kuhesabu. Thumuni ya sungura naijua gizani, na shilingi ya mwenge naijua gizani. Basi mkono uliponiambia siyo, sikuuliza mara mbili. Nikasema mbele ya wote, na sauti yangu unaijua: "Fundi, hii si hela yangu. Yangu ilikuwa nzito."

Hakuna aliyegusa kahawa tena. Sonara akasema atume mtoto akalete mzani. "Ili uipime na nini?" nikamjibu. "Mzani ni huu," nikamwonyesha kiganja. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Nahodha akageuka kutazama barabarani.

Fundi hakusema kitu. Akavua kile kilenzi chake cha jichoni, akakifuta kwa pindo la shati, na wala hakikuwa na vumbi. Akavuta mtoto wa meza, akatoa hela yake mwenyewe ya Tabora, nene, taji kubwa, nzuri kuliko yetu mara tatu, akaniwekea mkononi. "Basi chukua hii, Bi Keshia." Ile niliyoikataa akaikunja tena ndani ya kipakiti chake.

Nami nikaichukua. Kumtuhumu mtu ni jambo moja, hasira humpanda yeyote. Lakini nilichukua, mwanangu. Mwizi gani anakuibia hela ndogo halafu akulipe kubwa? Hata mtoto wa chekechea angeliona hilo. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikabeba sinia langu, kashata hazijaisha.

Baba yako, Mungu amrehemu, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akasema neno moja, "Umekosea," akaenda kuoga.

Nimewaza sana kwa nini mkono ulikosea, maana mkono haukosei, hilo bado nasema. Nadhani ni zile shilingi ishirini za pembe saba, zenye Mwinyi upande huu na tembo upande ule, nzito kama komeo. Wiki nzima ile nilikuwa nazihesabu hizo. Ukitoka kwenye hizo, hela ya Tabora utaiona karatasi. Au labda si hizo. Labda nilikwenda pale tayari nina wasiwasi, kwa kuwa wiki nzima nilikuwa nimelala bila hela ya babu yako ndani ya nyumba, na mkono ukasema nilichotaka kusikia. Sijui. Mkono haukosei mtu akiwa ametulia, tuseme hivyo.

Miaka miwili sikukanyaga barabara ya nane. Nilikuwa napita ya tisa.

Mwaka 1995 natafuta kadi yako ya kliniki kwenye sanduku la bati, nikakutana na daftari lako la hesabu la darasa la tatu. Katikati, palipotakiwa jedwali la saba, umeweka sarafu chini ya karatasi na kusugua penseli juu yake. Shilingi ya mwenge. Senti ishirini ya mbuni. Na chini kabisa, pande zote mbili, kwa mwandiko wako wa kuku: HELA YA BABU. Mwalimu wako amekupa sifuri kwa wino mwekundu na kuandika "Acha michezo." Nikalipeleka dirishani. Taji dogo. L ya pili, mkia umejipinda.

Nilikaa sakafuni mpaka adhana ya magharibi.

Kesho yake nilimfuata kibandani asubuhi, siku ya kazi, makusudi nisikute mtu. Maneno nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, yakapotea yote. Nikamfunulia daftari tu. Akaliangalia, akaweka kilenzi, akaliangalia tena, akacheka. "Huyu mtoto ana mkono mzuri kuliko wako." Akainama chini ya meza, akatoa kipakiti kilekile, na chini ya yale maneno ya penseli alikuwa ameongeza: "Amana ya Bi Keshia." Na tarehe. Tarehe yenyewe ni ya Jumamosi ileile, hakungoja hata kesho yake.

Nikamtolea ya kwake. Akakataa kuipokea. "Hiyo nilikupa mbele za watu," akasema. "Ukitaka kuirudisha, irudishe mbele za watu." Hakusema kwa ukali. Akarudi kwenye saa ya mtu aliyokuwa ameifungua, nami nikasimama pale nikitazama utosi wake.

Nilirudi barazani, hilo unalijua, na kashata zangu. Usichokijua ni kwamba kila Jumamosi ile hela ilikuwa kwenye pindo la kanga. Ninakwenda nayo, ninarudi nayo. Leo nasema ngoja kahawa imiminwe. Kahawa ikimiminwa nasema ngoja Nahodha amalize kisa chake, na visa vya Nahodha havina bandari. Halafu kuna Mwalimu, aliyeniitikia kwa kichwa siku ile. Nikifungua mdomo nitamwaibisha na yeye, mtu mzima, mstaafu. Hicho kilikuwa kisingizio kizuri na nilikitumia miaka mingi. Fundi hakuniuliza hata siku moja. Aliipokea kashata yangu, akanionyesha alichopata wiki hiyo, akaniuliza mkono unasemaje. Ndiyo, aliniuliza mkono unasemaje! Kwa dhati kabisa, si kwa kejeli. Na mimi nampa uzito.

Wakati mwingine nasema alinionea. Kwani ingempunguzia nini kuipokea asubuhi ile, tukiwa wawili? Wakati mwingine nasema hapana, aibu nilimvisha barazani, basi barazani ndipo nilipotakiwa kumvua. Nikifika hapo nageuka tena: mtu aliyekusamehe kweli hakuwekei sharti. Halafu nakumbuka yule kijana wa ndimu, naye alimwekea sharti.

Amefariki masika iliyopita, unajua, hukuweza kuja kwa ajili ya mitihani ya watoto. Nisiloweza kukueleza kwenye simu ni watu. Wametoka Pangani, wametoka Lushoto, wengine wamevuka mpaka kutoka Mombasa, vijana kwa wazee. Kwenye khitma, mtu mmoja akatoa mfukoni kipakiti cha karatasi ya daftari akamwonyesha jirani yake mwandiko. Jirani naye akatoa chake. Mara ukumbi mzima wanasomeana penseli ya Fundi. Mimi vyangu niliviacha nyumbani.

Sasa swali lako. Kwenye kopo la Kimbo zimo hela mbili za Tabora, moja kwenye kipakiti na nyingine haina. Wewe ulipiga picha isiyo na kipakiti. Nimeikuza nikaona taji kubwa. Ni halisi, halisi kabisa, na huyo mtu wako wa Dodoma anajua anachotaka. Ila siyo yetu.

Au ni yetu? Alinipa kwa mkono wake, mashahidi watatu, na zawadi ni mali ya aliyepewa. Wakili angeniambia hivyo na angetaka ada yake. Lakini ile haikuwa zawadi, nilimwita mtu mwizi akanilipa. Ya babu yako ni ya kurithi na itakuwa yako, na juu ya hiyo sikuamulii: wewe mtu mzima, una watoto, na paa lako huko linavuja. Mimi ningekuwa wewe, lakini basi, niliyekaa na amana ya mwenzangu miaka yote hiyo nina mdomo gani? Uza, usiuze, utaona mwenyewe. Ila iondoke na kipakiti chake.

Jumamosi hii nitakwenda barazani. Kibanda siku hizi wanauza vocha na kuchaji simu, lakini baraza lipo. Binti yake Fundi nimemwomba aje saa kumi, sijamwambia kwa nini. Mwalimu alishatangulia, kwa hiyo waliobaki ni Sonara na Nahodha. Nahodha masikio yamekwisha kabisa, na Sonara husinzia kahawa haijafika. Hela nimeshaifunga kwenye kanga tangu leo. Fundi alisema mbele za watu. Mmoja hasikii na mmoja amelala: wewe uliyesoma, hao ni watu?

Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako