Kantangaze hafi kwa dawa? Angalia haya kwanza

Ndugu, unapulizia nyanya kila wiki na kantangaze (nondo mdogo anayeshambulia nyanya) bado wapo kwa sababu kiwavi wake anakula ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Dawa ya kugusa haimfikii. Inua jani juani: ukiona baka jeupe lenye kinyesi cheusi ndani, ndiye huyo. Chuma majani hayo, funga kwenye mfuko wa nailoni, anika juani. Ukiyatupa pembeni nondo watatoka tu. Nunua dawa inayopenya jani, pulizia jioni, na badilisha kiambato (sumu yenyewe iliyomo ndani), si chupa (majina matano dukani, sumu ileile!). Jike hutaga hadi mayai 260, hivyo usugu wa dawa haukawii. Ng'oa mnavu pia, humhifadhi. Mabaki ya msimu uliopita yachome.