Kabati la bafuni: tazama maji yanakopita kwanza

Kabati langu la kwanza la bafuni lilidumu miezi mitano. Lilikuwa la MDF, jeupe, milango miwili, na lilifungwa Desemba hapa nyumbani Soweto, Moshi. Masika ilipokolea, ubao wa chini ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, rangi imebanduka, na mlango mmoja haufungi tena. MDF ni ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Maji yakishaingia kwenye ukingo, hairudi ilivyokuwa hata ukiianika juani wiki nzima.

Nilikuwa nimempa fundi picha kutoka kwenye simu. Mabafu ya kwenye zile picha yana kioo kinachotenga shawa na sakafu nyingine haipati maji. Letu, kama mengi ya hapa mjini, shawa, choo na sinki vinakaa kwenye sakafu moja inayoteremkia kwenye tundu la maji, kuna ndoo, na kila asubuhi linapigwa deki. Kabati likikalishwa chini kwenye sakafu ya namna hiyo, hata liwe zuri vipi, litaoza.

La pili nililifikiria upya kwa kuanzia hapo. Liko juu ya sakafu kwa sentimita 20, limeshikiliwa na skrubu ndefu kwenye ukuta wa tofali za saruji, kwa hiyo mop inapita chini yake bila kuligusa. Kama ukuta wako hauaminiki, weka miguu ya stenlesi. Miguu ya mbao usikubali.

Mbao nilichagua mtiki, ule unaotoka mashamba ya Tanga, kama Longuza kule Muheza, kwa sababu una mafuta yake ya asili na unavumilia unyevu. Mninga nao ni mzuri. Paini ni rahisi kwa bei, na ukiipaka vizuri itakutumikia, ila usiiweke karibu na shawa. Nenda mwenyewe na fundi kuchagua. Shika mbao mbili za aina moja na ukubwa mmoja: iliyo nzito kupita mwenzake mara nyingi bado ina maji, na mbao mbichi ikishakuwa kabati itapinda tu.

Kuhusu vipimo, nakusihi usipime kabla ya vigae kubandikwa. Lipu, saruji ya kubandikia na kigae chenyewe vinakula karibu sentimita 2 au 3 kila upande, na kabati lililochongwa kwa vipimo vya tofali tupu halitaingia. Pima sehemu tatu, chini, katikati na juu, maana kuta zetu ni nadra kunyooka, kisha umpe fundi kipimo kidogo kuliko vyote.

Siku hiyo hiyo mwite na fundi bomba. Hili nililipuuza mara ya kwanza, droo ikaja kugonga sifoni, lile bomba lililopinda chini ya sinki. Safari hii nilisimama nao wawili bafuni. Fundi seremala akaniambia, "Mama, droo ya juu nitaikata katikati ipishe bomba," na fundi bomba akaonyesha koki ya kufungia maji ilipo ili mkono uifikie bila kubomoa kitu. Dakika kumi tu, na zimeniokolea pesa nyingi.

Vanishi ndiko mafundi wanakokimbia kazi. Wanapaka panapoonekana, wanaacha mgongo, chini, na ncha za mbao. Maji huingia zaidi kwenye ncha, pale ilipokatwa kwa msumeno, kwa hiyo hapo ndipo pa kupakwa zaidi. Dai mikono mitatu ya vanishi, na msasa mwembamba kati ya mkono na mkono, kabla kabati halijatoka karakana. Ukutani halipakiki tena kwa nyuma.

Milango yangu ina luva, vile vibao vyembamba vyenye nafasi za kupitisha hewa. Julai baridi ya Moshi ikikaza tunafunga dirisha na kuoga maji ya moto, mvuke unajaa, na kabati lisilopumua linanuka ukungu. Bawaba ni za stenlesi. Za kawaida hutoa kutu inayochirizika hadi kwenye kigae.

Malipo tuligawa: nusu ya kununulia mbao, sehemu nyingine kabati likishafungwa, na kiasi kilichobaki masika ikishapita, fundi akija kurekebisha milango. Alikuja Juni, akakaza bawaba moja, nikammalizia hela yake.