Tindikali kwenye chupa ya maji ya kunywa

Fundi wa vigae alipomaliza kazi nyumbani kwetu Kigamboni, alituachia chupa ya lita moja na nusu ikiwa imebaki nusu. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa. Karatasi yake ilishabanduka, kizibo ni kilekile cha bluu, na kilichokuwa ndani hukitofautishi na maji kwa macho. "Hii itawasaidia chooni, mama," akaniambia. Nilimshukuru, nikaiweka chini ya sinki la jikoni, nyuma ya sabuni.

Wiki mbili baadaye nilimsikia binti anayetusaidia kazi akipiga ukelele. Mwanangu, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amekaa sakafuni, kaibana chupa ile katikati ya mapaja, anahangaika na kizibo. Alikuwa na kiu. Kilichomwokoa ni kwamba fundi alikuwa amekaza kizibo kwa nguvu za mtu mzima. Mimi mama yake sikuwa nimefanya lolote la kumkinga.

Tangu siku ile, nikiingia nyumba za watu macho yangu hukimbilia chini ya sinki na nyuma ya mlango wa choo, na mara nyingi naikuta: chupa ya maji au ya soda, haina jina, ina tindikali. Najua inavyofika huko. Muuza duka la vifaa vya ujenzi ana dumu kubwa, mteja anataka ya kuoshea choo tu, basi anapimiwa kwenye chupa iliyookotwa popote. Tanzania tuna sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini Mkemia Mkuu hayupo pale dukani unapopimiwa. Upo wewe. Kataa chupa isiyo na jina. Nunua iliyofungwa kiwandani, yenye lebo inayotaja ni asidi gani na kwa asilimia ngapi, na yenye ile alama ya matone yanayokula mkono na kipande cha chuma. Kama duka halina, nenda duka jingine.

Kabla hujanunua, lakini, jiulize kama unaihitaji. Sisi tunaotumia maji ya kisima tunaijua adha ya maji ya chumvi: choo kinashika ukoko, bomba linaota magamba meupe, birika linakuwa kama limepakwa chokaa. Na kwa kweli ni jamii ya chokaa, kitu kilekile kilichomo kwenye chaki na ganda la yai. Asidi yoyote hukiyeyusha, hata iliyomo kwenye ndimu. Kamulia ndimu juu ya ukoko huo utazame. Ukiona vipovu, siki itaimaliza kazi, ila inataka muda. Mimi huvuta maji ya choo yashuke, natandika vitambaa vilivyolowa siki juu ya ukoko, nalala, asubuhi nasugua. Ukoko wa miaka mingi hautatoka kwa usiku mmoja, rudia hata mara tatu. Ikishindikana, chukua dawa ya choo ya dukani. Nyingi nazo zina asidi hidrokloriki, kiasi cha asilimia 10 au chini yake, na zimefanywa nzito ili zigande ukutani mwa choo badala ya kurukaruka.

Ile kali ya mafundi ni asidi hiyohiyo ya hidrokloriki, ila hufika asilimia 30 na zaidi. Ukiifungua inafuka moshi mweupe unaochoma pua. Kazi yake halali nyumbani naiona moja tu, kuondoa saruji iliyogandia juu ya vigae baada ya ujenzi, na hiyo hufanywa mara moja kisha basi. Kuimwaga chooni kila Jumamosi ni kujiharibia. Inakula saruji ya maungio ya vigae, inababua mng'ao wa mabomba, na ikimwagwa kwa wingi inaua vijidudu vinavyoozesha uchafu kwenye karo, halafu mnashangaa karo linajaa upesi. Kwenye sakafu ya terazo au jiwe la marumaru usithubutu kabisa. Mawe hayo yenyewe yana chokaa ndani, kwa hiyo yatachemka povu na kubaki na mabaka ambayo hakuna polishi ya dukani itakayoyafuta.

Ukiwa na kazi hiyo ya saruji, kitu cha kwanza ni kuangalia tenki. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu umeme ukikatika pampu inalala, na hutaki kugundua bomba ni kavu wakati mkono unaungua. Jaza ndoo mbili za maji safi uziweke karibu kabla hujagusa kizibo. Fungua madirisha na mlango, watoto wakae nje. Vaa glovu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho kama ya wachomeleaji wa geti lakini ya kioo cheupe, suruali ndefu na viatu vya kufunika. Kandambili hapana. Weka maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, sehemu kumi, ndipo umimine asidi sehemu moja, polepole. Ukigeuza, ukamimina maji juu ya asidi kali, joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kukurukia usoni. Sufuria na ndoo za bati ziache mbali, asidi inazila na kutoa gesi inayoshika moto. Lowesha vigae kwa maji, jaribu kwenye kona moja, paka, subiri dakika chache, sugua, halafu suuza kwa maji mengi.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, hasa dada zetu wa kazi ambao ndio wanaosafisha vyoo kuliko sisi. Asidi na Jik, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, havikutani. Wala siki na Jik, wala dawa ya choo na Jik. Watu huchanganya wakidhani nguvu mbili ni bora kuliko moja, kumbe wanapika gesi ya klorini, gesi ileile iliyofukizwa kwa wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Choo chetu cha kawaida cha mita moja na nusu kwa mita moja, chenye kidirisha kidogo cha juu, hakihitaji gesi nyingi. Ukianza kukohoa na macho kuwaka, toka, acha kila kitu, usirudi kusuuza.

Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na ujiweke chini ya maji yanayotiririka dakika 20 kamili ukiangalia saa, kisha hospitali. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala magadi. Ikiingia jichoni, lishikilie wazi na uoshe muda uleule, jicho lililoumia likiwa upande wa chini ili maji yasiende kwenye jicho zima. Na mtoto akinywa, usimtapishe. Imeshachoma ikishuka, itachoma tena ikipanda. Msukutue mdomo, mkimbize hospitali, na ile chupa uende nayo.

Ile yetu niliishughulikia jioni ileile. Nilijaza beseni kubwa la plastiki maji, uani, nikavaa nilivyoeleza, nikamimina asidi kidogo kidogo. Kisha nikawa natia magadi, kijiko baada ya kijiko, povu linapanda na kushuka, hadi nilipotia magadi na povu halikupanda tena. Ilichukua karibu saa nzima. Maji yale niliyamwaga pamoja na ndoo nyingine tatu, chupa nikaisuuza nikaikata katikati kwa mkasi asije mtu akaiokota. Siku hizi dawa ya choo inakaa juu ya kabati la stoo, ndani ya chupa yake, na stoo ina kufuli. Maji ya kunywa ya mtoto yako mezani, kwenye jagi analolifikia mwenyewe.