Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kava na Makasha ya Filamu za Zamani

Mwezi huu tumepokea barua nne ambazo, bila ya waandishi wake kujuana, zote zinauliza juu ya kava na makasha ya filamu za zamani. Tumezifupisha kidogo, na majibu tumeyaweka chini ya kila moja.

Swali. Assalamu alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni mpenzi wa picha za Kihindi tangu enzi za sinema ya Majestic ya Unguja, na ninazo DVD mbili za filamu moja ya mwaka 1957. Ya kwanza kava lake limechorwa kwa brashi, kama lile bango tulilokuwa tukiliona mlangoni pa sinema. Ya pili imewekewa nyuso tatu za waigizaji zinazoelea katika anga la zambarau ambalo ndani ya filamu halimo kabisa. Barazani kwetu vijana wanasema la pili ndilo zuri kwa sababu linang'aa. Nani mwenye haki? – Msomaji wa Kikwajuni

Jibu. Wa alaykumu salaam, mzee wetu. Tuko upande wako, lakini si kwa hoja ya ukongwe, kwani bango la zamani nalo lilitengenezwa ili kumvuta mtu atoe pesa ya tiketi, na mchoraji wake mara nyingi alikabidhiwa picha chache za mnato tu, akaambiwa bango linatakiwa siku gani. Wachoraji wa mabango makubwa ya Bombay, ambao mmoja wao alikuwa M. F. Husain kabla jina lake halijavuma duniani, walikuwa watu wa kazi ya ujira, si wa kukaa wakitafakari. Hata hivyo, mtu aliyeshika brashi hana budi kuamua: uso wa nani uwe mkubwa, macho yaelekee wapi, shavu gani lipigwe jekundu na lipi liachwe katika kivuli cha kijani. Litazame kwa karibu kava lako la kwanza, hapo kwenye paji la uso, na huenda ukaona mipigo ya brashi iliyoachwa bila ya kulainishwa, kwa kuwa bango lilikusudiwa mtu anayepita ng'ambo ya barabara. Uamuzi wa namna hiyo ndio tunaoutafuta katika kava, na ndio unaokosekana katika zile nyuso tatu.

Nyuso zinazoelea zina kanuni yake, nayo ni kanuni ya dukani. Anayezipanga huuliza ni nani anayejulikana leo, na ndiyo maana humkuta mwigizaji aliyetokea kwa dakika kumi amesimamishwa mbele ya shujaa wa filamu, kwa kuwa miaka ishirini baadaye yeye ndiye aliyekuja kuwa nyota. Mnunuzi asiyeijua filamu hudanganyika waziwazi. Mbele ya kosa hilo, anga la zambarau ni jambo dogo, ingawa nalo halituridhishi.

Pamoja na hayo, tusilifanye kila bango la zamani kuwa hoja isiyopingwa. Huko Ghana, katika miaka ya 1980 na 1990, wachoraji waliokuwa wakiwahudumia wenye maonyesho ya video ya kuhamahama walipaka rangi juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, wakachora majoka na mashetani ambayo mtazamaji angeyasubiri mpaka mwisho asiyaone. Leo magunia hayo hukusanywa kama kazi za sanaa, na yanastahili, lakini kama maelezo ya filamu ni uongo mtupu. Kinyume chake ni Satyajit Ray, mwongozaji filamu wa India, ambaye kabla ya kutoa filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, mwaka 1955 alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta, akisanifu pia majalada ya vitabu, na baadaye akawa anachora mwenyewe mabango ya filamu zake. Mchapishaji anayeuza filamu ya Ray kisha akauacha mkono wa Ray na kupachika picha ya mtu anayecheka, huyo ana mzigo wa kutueleza sababu.

Wewe uliyeingia Majestic ya Vuga, ile iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya sinema iliyokuwa hapo kuteketea kwa moto, ulikutana na bango kabla ya kukutana na filamu, kwa hiyo bango ni sehemu ya kumbukumbu yako. Vijana wako hawakulikuta, na hatuwezi kuwalazimisha walikumbuke. Kwa mabishano ya aina hii, wachapishaji wengine, kama Arrow wa Uingereza, wameona njia nzuri: humwagiza msanii wa leo achore kava jipya, kisha upande wa pili wa karatasi ile ile wakachapa bango la asili, na mwenye mali akachagua upande wa kuutoa nje. Ujerumani karatasi ya namna hiyo ina kazi nyengine, kwani tangu mwaka 2008 alama ya umri wa watazamaji ni lazima ichapwe mbele ya kava kwa eneo lisilopungua milimita za mraba 1,200, na wakusanyaji wa huko wanaichukia alama hiyo kama tunavyochukia kibandiko cha bei kisichobanduka. Wakiigeuza karatasi, upande wa pili hauna alama.

Swali. Bwana Mhariri, kaka yangu aliyeko Uingereza huniletea filamu za zamani katika makasha ya bati, yaliyochapwa michoro mizuri kuliko ya plastiki. Nyumba yetu haiko mbali na pwani. Mwaka haujatimia, na nimeona vidoa vya hudhurungi kwenye pembe za makasha mawili. Je, hiyo ni kutu? Na wakusanyaji wanayathamini kweli makasha haya? – Msomaji wa Chake Chake

Jibu. Ndiyo, dada yetu, ni kutu, na itaendelea usipoizuia. Kasha hilo ni chuma chembamba kilichopakwa bati kisha kikachapwa rangi juu yake. Penye mikunjo na pembe tabaka hilo huwa jembamba, na mkwaruzo mdogo wa kucha unatosha kukifikia chuma. Hewa ya bahari huleta chumvi, na chumvi huyashika maji yasikauke.

Usilifute kasha kwa kitambaa chenye maji, hata kama lina vumbi. Tumia kitambaa kikavu cha pamba. Usilisimamishe rafu likaegemea ukuta, khasa kama nyumba ni ya mawe na chokaa, kwani ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya masika na kuyatoa polepole hata baada ya mvua kukatika. Acha nafasi ya vidole vinne baina ya rafu na ukuta. Vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, ambavyo watu huvitupa, vikusanye na uvitie katika boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na makasha. Vikishalowa havifai tena mpaka vikaushwe au vibadilishwe. Kisha fungua kila kasha ukitazame kijitabu kilichomo: zile pini mbili za katikati nazo ni chuma, na sisi tumeshaona kijitabu ambacho kava lake halina hata doa, na ndani pini zimeyatia mistari miwili ya kutu maelezo yote ya mkurugenzi.

Kuhusu thamani, wakusanyaji wamegawanyika. Wanaoyapenda husema mchoro hutambaa mbele, mgongoni na nyuma bila ya kukatizwa na kitu, na ni kweli. Wasioyapenda husema bati likibonyea halinyooki tena, na kwamba maelezo muhimu, yaani mwaka, lugha na muda wa filamu, mara nyingi huwa katika karatasi iliyogandishwa nyuma kwa gundi dhaifu ambayo hubanduka na kupotea. Kwa visiwa vyetu sisi tungemwambia kaka yako alete ya plastiki, na bati tuwaachie wanaokaa mbali na chumvi.

Swali. Mume wangu ana DVD zisizopungua mia tatu, nazo zimeshalimeza kabati la nguo. Nilimwambia atupe makasha abaki na diski, akaninunia siku mbili. Naomba mumuelimishe. – Msomaji wa Jang'ombe

Jibu. Bibi, hesabu iko upande wako. Kasha la kawaida la DVD lina unene wa milimita 14 hivi, kwa hiyo makasha mia tatu yakipangwa yanachukua zaidi ya mita nne, ambazo ni zaidi ya urefu wa doti nzima ya kanga. Lakini kununa kwake nako kuna sababu. Mkusanyaji huisoma migongo ya makasha yake kama wewe unavyoijua mitungi yako ya viungo, bila ya kufungua. Kampuni ya Criterion ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984, huchapa namba mgongoni mwa kila toleo, na namba 1 katika DVD zake ni La Grande Illusion ya Jean Renoir ya mwaka 1937. Wapo watu, tunawajua, ambao sasa wananunua namba, si filamu.

Suluhu iliyopo ni ya kutupa plastiki na kubakisha karatasi. Karatasi ya kava la DVD ikikunjuliwa ina milimita 273 kwa 183, kwa hiyo inaingia bila ya kukunjwa katika mfuko wa faili wa ukubwa wa A4, ule ule unaouzwa maduka ya vifaa vya skuli. Diski nazo ziingie katika vifuko vyake ndani ya faili hilo hilo. Epukeni vifuko vya plastiki ya PVC, ambayo baada ya miaka hutoa utando wa mafuta unaoshika uso wa diski. Yale makasha yenye vijitabu na matoleo ya pekee muachieni rafu moja, na rafu hiyo aichague mwenyewe.

Swali. Nimeletewa filamu ya mwaka 1949 kutoka Uingereza, bado imo ndani ya nailoni yake. Rafiki yangu anasema nisiifungue ili thamani ipande. – Kijana wa Wete

Jibu. Ifungue, mwanangu. Ila kwanza soma nyuma ya kava. Penye alama ndogo ya dunia kuna namba ya eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa kuchezwa: DVD za Uingereza huwa na namba 2, na Tanzania imo katika eneo namba 5, kwa hiyo mashine isiyofunguliwa kwa maeneo yote itaikataa. Ikiwa ni diski ya aina ya Blu-ray, ambayo maeneo yake hutajwa kwa herufi, hutapata tabu, kwani sisi na wao sote tuko eneo B. Tazama pia umbo la picha. Sinema za skrini pana zilishika kasi kuanzia mwaka 1953, basi kava la filamu ya 1949 likijisifu kwamba picha inajaza runinga yote ya kisasa, jua kwamba wamekata vichwa vya watu juu na miguu chini ili ienee.

Nailoni nayo si ulinzi kwa hali yetu ya hewa. Unyevu ulioingia haupati pa kutokea, na kasha la karatasi ngumu likikaa ndani ya nailoni inayokaza kwa joto hupinda kingo. Usitumie wembe kuikata, maana wembe hupita nailoni ukaacha mstari juu ya kava; tafuta mshono ulio upande wa chini, uusukume kwa ukucha mpaka uachie, kisha uivue nailoni taratibu kuelekea juu.