Muulize Mkunga: Vidonge nameza, damu haipandi

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 24, mimba yangu ni ya pili na ina miezi mitano. Wa kwanza ana mwaka na nusu. Kliniki walinipima wakasema wingi wa damu ni 9.1, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Mwezi umepita, nimepimwa tena, ni 9.3 tu. Nameza kila asubuhi na chai, maana nikimeza vikavu natapika. Choo kimekuwa cheusi, naogopa. Mama mkwe ananikamulia juisi ya bitiruti, anasema vidonge vinamkuza mtoto halafu kujifungua kunakuwa shida. Na nisikufiche, nakula pemba, ule udongo. Nifanyeje?
– Mama Kijacho, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale ulipoandika "na chai".

Nilipokuwa bado kazini kulikuwa na mama mmoja wa huku Ujiji ambaye damu yake ilinisumbua miezi mitatu. Kadi inaonyesha vidonge amechukua, kipimo kiko palepale. Nilimgombeza, nikidhani anavitupa. Siku moja nikapita kwake alfajiri. Sufuria ya chai ilikuwa jikoni, majani yamechemka mpaka rangi imekuwa kama lami. Akafungua fundo la khanga, akatoa kidonge, akakisukuma kwa chai ileile mbele ya macho yangu. Hakuwa amekosa hata siku moja. Nilimwomba radhi, na tangu hapo sikumpa mama yeyote vidonge bila kumuuliza anamezea nini.

Majani ya chai yana tanini. Ikikutana tumboni na chuma, ambacho ndicho kilichomo kwenye vidonge vyako, inakishika, na chuma kilichoshikwa hakipenyi kwenye utumbo kuingia kwenye damu, kinatoka na choo. Chai nzito inayonywewa pamoja na mlo wa ugali na mboga inaweza kukunyima zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungepata. Kahawa nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo, mwanangu, hukosi vidonge. Unavimeza, halafu unavifungia mlango.

Chuma hiki ndicho kinachotengeneza himoglobini, ule wekundu wa damu unaobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote, hata kwa mtoto tumboni. Mtu mzima ana gramu 3 au 4 tu za chuma mwili mzima, kama uzito wa msumari mdogo. Mimba moja inahitaji karibu gramu 1. Wewe umebeba mbili karibukaribu, ghala halijajaa tena baada ya wa kwanza. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi, kwa hiyo 9.3 si jambo la kungoja.

Fanya hivi. Kidonge meza usiku kabla ya kulala, saa mbili hivi baada ya kula, kwa maji uliyokamulia chungwa au ndimu. Vitamini C iliyomo humo inakisaidia chuma kupenya. Tumbo likikataa, tanguliza chakula kidogo, lakini si maziwa. Chai yako sikunyang'anyi. Inywe saa moja au mbili mbali na mlo na mbali na kidonge. Choo cheusi kinachokuja na vidonge ni mabaki ya chuma, kisikutishe. Kikiwa cha kunata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Kwenye chakula, wewe unaishi kwenye neema. Chuma cha nyama na samaki mwili unakipokea kwa urahisi kuliko cha maharage na majani, na samaki akiwa sahani moja na mboga, anakivuta hata kile cha mboga. Kwa hiyo dagaa wetu hawa wanaoanikwa Kibirizi na Katonga, kula wazima na vichwa vyao, wakaange au wachanganye kwenye sombe, yaani kisamvu, ya mawese. Ndimu ikamulie mezani, sombe ikiwa imeshaiva, kwa sababu moto unaua vitamini C. Maharage loweka usiku kucha, yale maji mwaga. Maini yana chuma kingi, ila kwa mjamzito yasiwe ya kila siku, yana vitamini A iliyozidi.

Mama mkwe mpe heshima yake na juisi yake kunywa, bitiruti ni chakula kizuri. Lakini chuma chake ni kidogo, wekundu ule ni rangi tu. Na mwambie kwa upole kwamba vidonge havimfanyi mtoto ashindwe kupita. Damu ndogo ndiyo inayoniogopesha mimi, kwa sababu mama mwenye damu ndogo akitoka damu kidogo tu wakati wa kujifungua anaweza kwenda nayo.

Pemba nashukuru umesema. Wengi wanaificha. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua, na udongo wenyewe unakishika chuma kama chai, tena unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Damu ikipanda hamu hupungua.

Wiki hii rudi kliniki, usingoje tarehe ya kadi. Waambie habari ya chai, waangalie kipimo cha dozi, wakupime malaria, waulize dawa ya minyoo, na kama hujawahi kupimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, omba. Lala ndani ya chandarua.

SWALI: Mama Mkunga, mimi ni mwanaume wa miaka 52, nalima tumbaku. Nachoka, moyo unadunda nikipanda hata kilima kidogo. Muuza dawa kanipa vidonge vya wajawazito. Niendelee?
– Baba wa Watoto Sita, Urambo, Tabora

JIBU: Hapana, baba, acha kwanza ukapime. Mwanaume hapati hedhi wala habebi mimba, chuma chake hakipotei ovyo. Damu ya mwanaume mzima ikipungua, lazima tuulize inatokea wapi. Inaweza kuwa safura, wale minyoo wanaopenya kwenye nyayo unapokanyaga shamba peku na kunyonya damu utumboni. Inaweza kuwa kidonda cha tumbo, hasa kama unameza sana dawa za maumivu ya mgongo. Inaweza kuwa kichocho. Na moyo wenyewe unataka kusikilizwa. Nenda hospitali na choo na mkojo wapime, na umwambie daktari kama umewahi kuona damu popote. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, kwa hiyo vidonge visivyohitajika vinaweza kurundika madhara. Ulivyobaki navyo viweke juu kabisa, pasipofikiwa na mtoto. Vinafanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua.